Taabu Iliyopotea Njiani: Uhakiki wa Tafsiri ya "Xinku" katika Kiingereza Rasmi

1. Suala lenyewe

Mchina anapomkuta mwenziwe kazini, anapompokea mgeni aliyetoka safari ya mbali, au anapomaliza barua ya kumwomba mtu msaada, aghalabu hutumia usemi mmoja mfupi: "xinku le". Wanafunzi humwambia mwalimu wao, mwenyeji humwambia mgeni, mkuu wa majeshi huwaambia askari waliopangwa mbele yake. Usemi huo ukifikishwa katika Kiingereza rasmi, yaani Kiingereza cha barua za ofisi, cha hotuba na cha nyaraka, mara nyingi hupewa kisawe kimoja: "Thank you for your hard work", maana yake, asante kwa kazi yako ya bidii. Kisawe hiki kimezoeleka kiasi kwamba mfasiri hukiandika bila kusita.

Makala haya yanakihakiki kisawe hicho. Hoja inayotetewa ni kwamba kinakosea mara mbili. Kwanza, kinachukua maneno yanayoeleza hali ya msikilizaji na kuyafanya maneno ya deni la msemaji. Pili, kinachukua taabu na kuifanya sifa njema. Makosa haya si madogo, kwa kuwa yanabadilisha uhusiano uliopo kati ya anayesema na anayeambiwa: yule aliyekuwa akiitambua taabu ya mwenziwe anageuka kuwa bwana anayeridhika na kazi ya mtumishi. Itaonyeshwa pia kwamba Kiingereza rasmi hakikosi njia ya kuitunza taabu hiyo, ila njia hiyo imeachwa ikaota majani. Na kwamba msomaji wa Kiswahili anayo sababu ya pekee ya kulifuatilia jambo hili. Maneno ya Kichina yameandikwa hapa kwa pinyin bila alama za toni, kwa ajili ya wepesi wa uchapaji.

2. Neno na ladha zake

Neno "xinku" limeundwa kwa mofimu mbili. "Xin" ni ukali wa ladha, kama ule wa tangawizi au pilipili. "Ku" ni uchungu, kama ule wa dawa ya mitishamba. Zote mbili zimo katika orodha ya ladha tano inayojulikana katika mapokeo ya Kichina, pamoja na uchachu, utamu na chumvi. Asili ya neno, basi, iko kinywani wala haiko mikononi. Kazi haikutajwa ndani yake, na bidii haikutajwa. Mchina akitaka kuitaja bidii analo neno "nuli", ambalo mofimu yake ya pili ina maana ya nguvu. Anayechagua "xinku" akaacha "nuli" amechagua kusema juu ya kile ambacho kazi imemwonjesha mtu, na siyo juu ya nguvu aliyoitoa.

Mofimu "ku" ina uzao mkubwa katika lugha hiyo. "Chi ku", yaani kula uchungu, ni kustahimili maisha magumu. "Su ku", yaani kueleza uchungu, ni jina lililopewa mikutano ya wakulima wakati wa mageuzi ya ardhi, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambapo wanakijiji walisimama mmoja mmoja na kusimulia mateso waliyoyapata mikononi mwa wenye mashamba. Wanahistoria wanaoandika kwa Kiingereza walikubali kuitafsiri istilahi hiyo sisisi, neno kwa neno, kwa sababu walitambua kwamba uchungu ndio uliokuwa kiini cha jambo. Hakuna aliyediriki kuiita mikutano hiyo mikutano ya kusimulia bidii.

Kisarufi, "xinku" ni neno lenye sura nyingi. Ni kivumishi katika sentensi isemayo kwamba kazi fulani ni ya taabu. Ni nomino katika usemi "bu ci xinku", yaani kutoikataa taabu. Likirudufishwa, "xinxinkuku", huwa kielezi cha kazi iliyofanywa kwa kujitesa. Tena huweza kuwa kitenzi chenye yambwa: "xinku nin le" ni takriban nimekutaabisha, au nakutaabisha, na ndiyo sababu usemi huo hufaa mwishoni mwa barua ya maombi. Kijineno "le" huonyesha kwamba hali imefikiwa au imebadilika. Katika "xinku le" hakuna nafsi ya kwanza, hakuna kitenzi cha kushukuru, wala hakuna kutajwa kwa faida aliyoipata msemaji. Kinachosemwa ni hiki tu: taabu imekufikia.

Ushahidi wa kale unapatikana katika shairi fupi la Li Shen, mshairi wa enzi ya Tang aliyeishi kuanzia mwaka 772 hadi 846, ambalo watoto wa shule nchini China hujifunza kwa moyo. Shairi hilo linamwonyesha mkulima anayelima juani adhuhuri, kisha linamgeukia mlaji na bakuli lake, na neno lake la mwisho kabisa ni "xinku". Kichwa cha shairi, "Min nong", kina maana ya kuwahurumia wakulima. Hapo ndipo mfasiri anapopimwa. Akiandika kwamba kila punje imetokana na "hard work", shairi linakuwa somo la kuwasifu wenye bidii, jambo ambalo hata mwenye shamba angelifurahia. Akiitunza taabu, shairi linabaki kuwa shairi la huruma, na mlaji anabaki na kitu cha kufikiri. Methali ya Kiswahili husema mchumia juani hulia kivulini. Katika shairi la Li Shen anayechuma juani ni mmoja, na anayekula ni mwingine. Tofauti hiyo yote imebebwa na neno moja, nalo likitafsiriwa vibaya tofauti inakwenda nalo.

3. Majaribio matatu

Kisawe kizuri hupimwa kwa kupelekwa katika miktadha mbalimbali. Hapa yatatosha majaribio matatu.

Jaribio la kwanza ni la msafiri. Mgeni akishuka kwenye treni baada ya usiku mzima, mwenyeji wake humwambia "yilu xinku le", yaani taabu imekufikia njia nzima. Mgeni huyo hakufanya kazi yoyote. Alikaa kwenye kiti. Kumwambia "Thank you for your hard work" ni kichekesho, na hakuna mfasiri mwenye akili timamu atakayeyaandika maneno hayo. Kiingereza rasmi mahali hapa huwa na desturi yake: mwenyeji hueleza tumaini kwamba safari ilikuwa ya kupendeza. Tazama jinsi lugha mbili zinavyokwenda njia zinazopishana. Mchina huanza kwa kudhania kwamba safari ilikuwa na taabu, akaikubali taabu hiyo waziwazi. Mwingereza huanza kwa kutumaini kwamba taabu haikuwapo, na mgeni mwenye adabu hulazimika kuthibitisha kwamba kweli haikuwapo. Kwa hiyo usemi ambao mbele ya mfanyakazi hutafsiriwa kwa shukrani, mbele ya msafiri hutafsiriwa kwa tumaini. Maana ya neno haiwezi kubadilika kiasi hicho kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Kilichobadilika ni desturi ya lugha lengwa, na mfasiri ameifuata desturi akaliacha neno.

Jaribio la pili ni la jibu. Katika mazungumzo, jibu ni shahidi mwaminifu, kwa kuwa huonyesha msikilizaji alisikia nini. Kama "xinku le" lingekuwa neno la shukrani, jibu lake la kawaida lingekuwa lile ambalo Wachina huwajibia wanaoshukuru, yaani "bu keqi". Lakini jibu linalosikika mara nyingi ni "bu xinku", yaani hakuna taabu. Anayejibu hivyo haikanushi shukrani, anaikanusha taabu. Amesikia kauli juu ya hali yake mwenyewe, naye kwa unyenyekevu anaipunguza. Jibu jingine la kawaida ni "yinggai de", yaani ndivyo ipasavyo, nalo pia linaeleza wajibu wa mtendaji bila kutaja deni la msemaji.

Jaribio la tatu ni la cheo. Kila tarehe 10 Septemba, siku ambayo tangu mwaka 1985 ni Siku ya Walimu nchini China, wanafunzi huwaambia walimu wao "laoshi, nin xinku le". Kiwakilishi "nin" ni cha heshima. Usemi huo unapanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa bila kumkwaza mtu. Sasa mwanafunzi amwandikie mwalimu wake kwa Kiingereza rasmi akimshukuru kwa "hard work" yake. Barua hiyo itasomeka kana kwamba imeandikwa na mkaguzi wa shule. Katika Kiingereza, mwenye haki ya kupima bidii ya mtu ni yule aliyemwajiri au anayemsimamia. Kwa hiyo sifa ya bidii hushuka kwa wepesi, na hupanda kwa shida. Inafaa kukumbuka kwamba Kijapani, ambacho kina usemi "gokurosama" wenye mofimu ileile ya uchungu iliyotoka Kichina, kimeuwekea mpaka: kwa kawaida mkubwa humwambia mdogo, na mdogo anayemwambia mkubwa huonekana amekosa adabu. Kichina hakikuweka mpaka wa namna hiyo. Kiingereza cha wafasiri kimeuweka bila kuombwa.

4. Uwanja wa Tiananmen, 1984

Mfano unaoonyesha uzito wa jambo hili hadharani ni gwaride la tarehe 1 Oktoba 1984 mjini Beijing, lililoadhimisha miaka 35 ya Jamhuri ya Watu wa China. Deng Xiaoping, akiwa amesimama ndani ya gari, alipita mbele ya vikosi na kuvisalimu. Salamu ya kwanza ilikuwa ya kuwaamkia, nao wakamwamkia. Ya pili ilikuwa "tongzhimen xinku le". "Tongzhimen" ni ndugu wa chama, makomredi. Askari wakajibu kwa sauti moja: "wei renmin fuwu", yaani tunawatumikia watu. Utaratibu huo umerudiwa katika magwaride makubwa yaliyofuata, ya mwaka 1999, 2009, 2015 na 2019.

Jibu la askari linatokana na maneno ambayo Mao Zedong aliyafanya kichwa cha hotuba yake ya Septemba 1944, ya kumkumbuka askari Zhang Side. Kwa hiyo si jibu la kubahatisha, limechaguliwa. Tuseme mfasiri ameiandika salamu ya pili kwa Kiingereza kuwa shukrani. Hapo majibizano yanapinda. Mkuu anasema: nakushukuruni kwa kazi yenu. Askari wanajibu: tunawatumikia watu. Msomaji wa Kiingereza atasikia karipio ndani ya jibu hilo, kana kwamba askari wanamwambia mkuu wao kwamba kazi hawakumfanyia yeye. Katika Kichina hakuna karipio. Mkuu ameitambua taabu yao, nao wameeleza taabu hiyo ni ya nini. Kauli mbili zinafuatana kama hatua mbili za mguu. Shukrani ikiingizwa, hatua ya kwanza inakwenda upande mwingine.

Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote juu ya siasa ya salamu hiyo. Anaweza kusema kwamba mkuu anayeitaja taabu ya askari bila kujitia katika deni amejipatia heshima kwa bei nafuu. Lakini hata lawama hiyo haiwezekani kwa msomaji aliyepewa tafsiri ya shukrani, kwa sababu tafsiri hiyo imeshamlipia mkuu deni ambalo yeye mwenyewe hakulikiri. Tafsiri mbaya humnyima msomaji uwezo wa kukubali na uwezo wa kukataa pia.

5. Mizani ya nadharia

Watetezi wa kisawe cha kawaida wanaweza kukimbilia kwa Eugene Nida, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1964 alitofautisha ulinganifu wa umbo na ulinganifu wa athari. Watasema kwamba umbo la "xinku le" limepotea, lakini athari imebaki: msikilizaji wa Kichina hufurahi, na wa Kiingereza pia hufurahi. Utetezi huu unaipima athari kwa kijiko kidogo mno. Furaha ya kushukuriwa na furaha ya kuonekana na kutambuliwa hazilingani. John Searle, katika uchunguzi wake wa vitendo-uneni uliochapishwa mwaka 1969, aliweka wazi masharti ya kushukuru: msikilizaji awe ametenda tendo lililopita, na tendo hilo liwe na faida kwa msemaji, na msemaji aiamini faida hiyo. "Xinku le" halidai sharti hata moja kati ya hayo. Mtu aweza kumwambia mfagiaji wa barabara ya mtaa asioishi. Aweza kumwambia aliyejaribu akashindwa. Kitendo-uneni kinachotendeka hapa ni kutambua, nacho si tawi la kushukuru.

Vinay na Darbelnet, ambao kitabu chao cha mwaka 1958 juu ya Kifaransa na Kiingereza kinajulikana na kila mwanafunzi wa tafsiri katika nchi zinazotumia Kifaransa, waliorodhesha miongoni mwa mbinu za mfasiri ile ya kubadilisha mtazamo: jambo ni lilelile, ila linatazamwa kutoka upande mwingine. Mbinu hiyo ni halali. Lakini kutoka "taabu imekufikia" hadi "nakushukuru kwa bidii" si mtazamo tu uliobadilika. Jambo lenyewe limebadilishwa na jingine.

Kutoka China kwenyewe kuna mizani ya Yan Fu, aliyeitafsiri kazi ya Thomas Huxley juu ya mageuko na maadili, na ambaye katika utangulizi wa tafsiri hiyo, mwaka 1898, alitaja magumu matatu ya mfasiri: uaminifu, kufikika kwa maana, na umaridadi. "Thank you for your hard work" inafikika mara moja. Hilo halina ubishi. Umaridadi wake ni wa wastani. Uaminifu ndio uliokosekana, nao ndio Yan Fu aliouweka mwanzo wa orodha.

Ni vema pia kulinganisha na semi nyingine za juhudi ambazo zimevuka mpaka kwa wepesi zaidi. "Jiayou", yaani ongeza mafuta, hupigiwa kelele wachezaji uwanjani na huambiwa wanaokwenda kufanya mtihani. Kupitia wasemaji wa Hong Kong, tafsiri yake ya neno kwa neno, "add oil", iliingizwa katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford mwaka 2018. Katika salamu zake za mwaka mpya za tarehe 31 Desemba 2016, Xi Jinping aliwahimiza wananchi kukunja mikono ya mashati na kufanya kazi. Kiingereza kilikuwa tayari na usemi wa kukunja mikono, na mfasiri hakupata shida. Semi hizo mbili zinatazama mbele, na picha zake ni za mashine na za mikono. Juhudi ya mikono hupita forodhani bila kufunguliwa mizigo. Juhudi iliyoonjwa kinywani ndiyo inayozuiwa.

6. Njia iliyoota majani

Je, Kiingereza rasmi hakina neno la juhudi lenye maumivu ndani yake? Kinalo, nalo ni "pains". Neno "pain" ni maumivu, na limetoka katika Kifaransa cha kale, "peine", ambalo nalo linatokana na neno la Kilatini la adhabu. Lakini katika wingi wake, "pains" ni juhudi na uangalifu. "To take pains" ni kujitia taabu ili jambo lifanyike sawasawa. "Painstaking" ni sifa ya kazi iliyofanywa kwa taabu ya namna hiyo. Kifaransa kimeitunza jozi hiyohiyo: kujipa "peine" ni kujitaabisha kwa ajili ya jambo au mtu. Hapa basi kuna lugha ya Ulaya iliyokwenda njia ileile ya Kichina: imelichukua neno la maumivu ikalifanya jina la juhudi, bila kuyafuta maumivu.

Kinyume chake, "hard work" limefuata njia nyingine. Ni kweli kwamba "hard" pekee lina ugumu na mateso ndani yake. Maisha yanaweza kuwa "hard", na "hard labour" ilikuwa adhabu ya wafungwa. Lakini mara "hard" linapoungana na "work", mateso hujiondoa na sifa hubaki. Hakuna mtoto wa shule wa Kiingereza aliyeandikiwa "hard work" katika ripoti yake akadhani kwamba anahurumiwa.

Kutokana na hayo, mapendekezo yanaweza kutolewa kwa kila muktadha, maana kosa kubwa la kisawe cha kawaida ni kudai kutosha mahali pote.

Katika barua kwa mtu aliyemfanyia mwandishi jambo, ambapo shukrani kweli ipo, inafaa kuandika "I am grateful for the pains you have taken". Shukrani inabaki, lakini kinachoshukuriwa ni taabu aliyoichukua mtu, na bidii yake haipimwi. Katika barua ya maombi, ambapo "xinku nin le" ni kukiri mapema kwamba mtu atataabishwa, inafaa kuandika "I know that this asks a good deal of you". Hiyo ni afadhali kuliko kushukuru kwa kazi ambayo bado haijakubaliwa, tabia ambayo katika barua rasmi hunuka amri. Kwa mwalimu, au kwa yeyote aliye juu ya mwandishi, "We know what this has cost you" inaitaja gharama aliyoilipa yeye bila kumpa alama. Kwa msafiri, "You have come a long way" inatosha: ni kauli ya kweli juu ya hali yake, haimlazimishi kuisifu safari. Kwa askari wa gwarideni, "Comrades, yours is a hard task" inaacha nafasi ambayo jibu lao linaweza kuingia bila kugongana na chochote.

Itaonekana kwamba sentensi hizi zote, isipokuwa ile ya kwanza, zina jambo moja la pamoja: ni kauli juu ya msikilizaji. Kiingereza rasmi hakina neno moja la kutambua taabu, lakini kina sarufi ya kutosha ya kuieleza. Mfasiri aliyezoea kutafuta neno kwa neno haioni, kwa sababu haimo katika orodha ya visawe.

7. Pingamizi

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa. Itasemwa kwamba kisawe cha kawaida kimeshaenea katika ofisi ambamo Wachina huandikiana na wageni kwa Kiingereza, na kwamba kila mmoja anajua kinamaanisha nini. Kwa hiyo matumizi yamekihalalisha. Ni kweli kwamba matumizi yana nguvu. Lakini wanaojua kwamba nyuma ya "Thank you for your hard work" kuna "xinku le" ni wale wanaojua Kichina, nao hawahitaji tafsiri. Anayeihitaji ni yule asiyekijua, na yeye husoma yaliyoandikwa. Kwake, barua ya heshima imekuwa barua ya msimamizi.

Pingamizi la pili, kwamba mapendekezo ya hapo juu ni marefu na kwamba "pains" ni neno la kizamani, lina uzito mdogo. Kiingereza rasmi ndiyo nyumba ambamo maneno ya kizamani bado yana chumba. Aliyeagizwa kutafsiri kwa lugha rasmi asiogope kutumia urasmi wake.

8. Hitimisho: mlango wa Kiswahili

Kwa msomaji wa Kiswahili, safari hii yote ndefu ina mwisho wa ajabu kidogo. Aliyefanya kazi huambiwa "pole na kazi". Aliyesafiri huambiwa "pole na safari". Mdogo humwambia mkubwa, na mkubwa humwambia mdogo. Msemaji hakupata faida yoyote, wala hakiri kosa lolote. Na jibu ni "nimeshapoa", jibu ambalo, sawa na "bu xinku", linahusu hali ya anayejibu na siyo deni la aliyesema. Majaribio yote matatu yaliyokishinda kisawe cha Kiingereza, neno "pole" linayapita. Si ajabu kwamba "pole" nalo huumia njiani likienda Kiingereza: hutafsiriwa kwa neno la kuomba radhi, na Mwingereza aliyejikwaa mbele ya mtu wa Afrika Mashariki hushangaa kuombwa radhi na mtu ambaye hakumsukuma.

Ulinganifu huo si kamili, na haufai kutiwa chumvi. "Pole" hufika pia kwenye msiba, ambako "xinku" halina kazi. Na "xinku" huwa kitenzi, jambo ambalo "pole" haliwezi mpaka liazime "kutaabisha". Hata hivyo, fundisho kwa vyuo vikuu vya Kongo liko wazi. Mwanafunzi anayekifikia Kichina kupitia Kiingereza ataiona "hard work" ukurasani, naye kwa uaminifu ataandika "asante kwa bidii yako". Atakuwa ameitafsiri sawasawa sentensi ambayo Mchina hakuisema, na ataliacha mlangoni neno ambalo mama yake humwambia kila jioni. Lugha ya kati ikipoteza kitu, lugha ya tatu haiwezi kukirudisha kwa kuitazama lugha ya kati. Inabidi irudi kwenye chanzo. Na mara nyingine, ikirudi huko, itakuta kwamba kilichopotea ilikuwa nacho nyumbani.